Kuunda Programu za Simu kwa Kampuni Changa Ukiwa Kisumu: Mwongozo wa Kazi ya Mbali

Mwongozo huu nimewaandikia wasanidi programu wa magharibi mwa Kenya, hasa waliohitimu Maseno, Masinde Muliro, Jaramogi Oginga Odinga na vyuo vingine vya eneo hili, ambao wamepata au wanatafuta kazi katika kampuni changa iliyo Nairobi, Berlin au San Francisco na hawataki kuhama ili waifanye. Hoja yangu ni moja, na hatua zote zinazofuata zinaitegemea: anayefanya kazi akiwa mbali aipange kazi yake iweze kuendelea hata pale ambapo yeye mwenyewe hapatikani. Wafanyakazi walio katika ofisi moja wakipotelewa na umeme, kila mtu anajua, kwa sababu wote wako gizani. Wewe stima ikipotea mtaani Mamboleo hapa Kisumu, wenzako wanachoona ni kwamba hujajibu ujumbe.

Hatua ya kwanza: Uelewe mkataba kabla ya kuutia sahihi

Swali la kwanza ni kama unaajiriwa au unapewa kazi kama mkandarasi huru. Kampuni iliyosajiliwa Kenya ikikuajiri, itakukata kodi na michango ya lazima, na Sheria ya Ajira ya 2007 itakulinda katika mambo kama likizo na notisi. Kampuni ya nje isiyo na tawi hapa nchini mara nyingi hukuandikia mkataba wa ukandarasi, au hukuajiri kupitia kampuni nyingine ambayo kazi yake ni kuajiri watu kwa niaba ya wengine. Njia zote hizi ni halali. Hata hivyo, mkandarasi hana likizo ya ugonjwa isipokuwa imeandikwa, kwa hiyo anapaswa kudai malipo yanayozingatia pengo hilo.

Uliza pia fedha za kampuni zitadumu kwa miezi mingapi kwa matumizi ya sasa. Si utovu wa adabu. Kampuni changa huishi kwa fedha za wawekezaji hadi itakapoanza kujilipia, na mwanzilishi mwaminifu ana jibu la swali hilo. Asiyetaka kulijibu kabisa amekwisha kukupa habari unayohitaji.

Ukiahidiwa haki ya kununua hisa, soma muda wake. Utaratibu uliozoeleka ni kuipata haki hiyo kidogo kidogo kwa miaka 4, na mwaka wa kwanza hupati chochote ukiondoka kabla haujaisha. Kwa maoni yangu, hisa zihesabiwe kama nyongeza tu. Mshahara wa fedha taslimu uwe unatosha kulipa nyumba, chakula na intaneti bila kuzitegemea. Mkataba ueleze vilevile ni nani anayenunua laptopu na simu za majaribio, ni nani anayelipia intaneti, na notisi ni ya siku ngapi kwa kila upande.

Hatua ya pili: Jihakikishie umeme na intaneti

Kabla ya kukodi nyumba, waulize wapangaji waliomo, wala usitosheke na maneno ya wakala. Waulize stima hupotea mara ngapi, hurudi baada ya muda gani, na kama kila nyumba katika ploti ina mita yake. Mita ya pamoja ni chanzo cha ugomvi na cha giza la ghafla, kwa sababu tokeni zikiisha mnangojana nani anunue. Ukiwa na mita yako, nunua tokeni kwa paybill 888880 kabla hazijafika mwisho, na uzoee kusoma matangazo ya Kenya Power ya kila wiki kuhusu maeneo yatakayozimwa kwa ajili ya matengenezo. Eneo lako likitajwa, wajulishe wenzako mapema na uhamishie kazi yako kwingine siku hiyo.

Ruta hutumia umeme kidogo sana. Kuna betri ndogo za ruta zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya elektroniki mjini ambazo huiwezesha kuendelea kwa saa kadhaa, na huu ndio ununuzi ninaoupendekeza kabla ya kiti kizuri au skrini ya pili, kwa kuwa laptopu tayari ina betri yake. Kisha uwe na njia ya pili ya intaneti kutoka kampuni tofauti na ile ya kwanza: kama faiba yako ni ya Safaricom, laini ya akiba iwe ya Airtel, kwa sababu njia mbili za kampuni moja zinaweza kuanguka pamoja. Walio mashambani Siaya, Vihiga au Homa Bay, ambako faiba haijafika kila mahali, sasa wanaweza kutumia Starlink, ambayo ilianza huduma nchini Julai 2023. Wakumbuke tu kwamba dishi lake hula umeme mwingi kuliko ruta ya kawaida, na betri ile ndogo haitalimudu. Njia ya akiba ijaribiwe siku ambayo huna haraka: piga simu ya video kwa rafiki ukitumia bando la simu pekee, uone kama sauti inakatika.

Jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwingine hailitaji ni radi. Eneo linalozunguka Ziwa Victoria hupata ngurumo nyingi, na katika msimu wa mvua ndefu, kuanzia Machi hadi Mei, wingu hukusanyika alasiri, saa zilezile ambazo wenzetu wa Ulaya wanapenda kufanya mikutano. Uonapo mbingu imefunga upande wa Nandi au Kakamega, chaji laptopu ijae mapema, kisha chomoa chaja ukutani, na simu ya majaribio isibaki imechomekwa. Ruta iendeshwe na betri yake. Mkutano utaendelea, na laptopu ya kampuni haitaungua.

Hatua ya tatu: Andaa mashine isiyotegemea mtandao kila dakika

Kwa kazi ya Android, tafuta laptopu yenye RAM ya GB 16 na diski ya SSD. GB 8 huweza kuiendesha Android Studio, programu ya kuundia programu za Android, lakini ukiifungua emuleta (simu ya kuigiza ndani ya laptopu) pamoja nayo, mashine huanza kuvuta pumzi kwa shida. Dawa rahisi ni kuunganisha simu halisi kwa kebo na kuionyesha kwenye skrini ya laptopu kwa scrcpy, programu ya bure inayofanya kazi hiyo vizuri. Kwa iPhone hakuna njia ya mkato: Xcode, programu ya Apple ya kuundia programu za iPhone, huendeshwa kwenye Mac pekee. Kama timu inatumia Flutter au React Native, zana za kuandika msimbo mmoja wa Android na iPhone, unaweza kuandika msimbo kwenye mashine yoyote na kuacha toleo la iPhone lijengwe kwenye tarakilishi za Mac zinazokodishwa mtandaoni, lakini siku ya kutafuta kasoro inayotokea kwenye iPhone pekee utahitaji Mac mkononi. Iombe kampuni ikununulie.

Vitu vizito vipakue kabla ya kuvihitaji. Mradi mpya wa Android huvuta maktaba nyingi (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) kupitia Gradle, zana inayoujenga mradi, na faili moja ya mfumo wa emuleta hupita GB 1. Fanya upakuaji huo mahali penye intaneti ya kasi, iwe nyumbani usiku au katika kituo cha wabunifu kama LakeHub, kisha uiwashe Gradle katika hali ya kufanya kazi bila mtandao ili isiende kutafuta upya ilichokwisha kupata. Nyaraka za lugha na za maktaba unazozitumia kila siku nazo uwe na nakala zake kwenye diski.

Hatua ya nne: Panga saa zako, na uwaeleze wa nyumbani

Kenya haibadilishi saa. Ulaya na Marekani hubadilisha. Berlin iko nyuma yetu kwa saa mbili katika majira ya baridi na kwa saa moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mkutano wa saa tatu asubuhi wa San Francisco ni saa mbili usiku kwetu wakati wa baridi yao, na saa moja usiku wakati wa kiangazi. Katika kalenda, mkutano uandikwe kwa saa za mahali ulikopangwa, ili ujisogeze wenyewe.

Usikubali kuwepo mtandaoni saa zao zote pamoja na saa zako zote. Wakubaliane nawe saa tatu au nne za kila siku ambazo ninyi nyote mko macho na mtajibizana papo hapo. Saa zilizobaki ni zako za kuandika msimbo.

Kuna kazi nyingine ya saa ambayo hufanyika sebuleni. Katika familia nyingi za kwetu, kijana aliye nyumbani mchana ni kijana asiye na kazi, na atatumwa posho mill, atapokea wageni, atapeleka mtoto wa dada hospitalini. Haina haja ya kununa. Mweleze mzazi kwa heshima na kwa saa kamili: “Mama, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja niko kazini kama aliye ofisini, kabla ya hapo nitume popote.” Mzazi anayejua saa hizo atakulinda hata dhidi ya wageni. Anayesikia tu kwamba uko “bize” hatajua aanzie wapi.

Hatua ya tano: Fanya kazi kwa vipande vidogo na uviandike

Hapa ndipo msanidi wa mbali anapojulikana. Mwenzako hawezi kuona umekunja uso mbele ya skrini tangu asubuhi. Anachoweza kuona ni kile ulichokituma kwenye Git, mfumo wa kuhifadhi na kufuatilia mabadiliko ya msimbo, na maneno uliyoandika. Kwa hiyo gawa kila kazi iwe vipande ambavyo kila kimoja kinaweza kumalizika kwa siku moja au mbili, kila kipande kiwe na tawi lake (nakala ya msimbo iliyotengwa na ya wengine), na kila hatua inayofanya kazi itumwe kwenye hazina ya pamoja kabla hujainuka kwenda kula. Msimbo ulio kwenye laptopu yako peke yake, kwa timu, haujaandikwa bado.

Ombi la kuunganisha msimbo wako na wa timu lieleze mambo matano: tatizo, ulichobadilisha, ulivyojaribu, kilichobaki, na la kufanya iwapo hupatikani. Hilo la mwisho watu wengi huliacha, ilhali ndilo linaloamua kama timu italala ikikungoja. Mfano:

“Tatizo: mteja akipoteza mtandao baada ya kuweka PIN ya M-Pesa, skrini ya malipo hubaki ikizunguka. Nilichobadilisha: programu sasa huiuliza seva hali ya malipo kila inapofunguliwa tena. Nilivyojaribu: simu ya Android 10 yenye RAM ya GB 2, nikizima data mara tu baada ya PIN. Kilichobaki: sijajaribu kwenye simu yenye laini mbili zinazobadilishana. Nisipopatikana: unganisheni bila kuningoja, tawi hili haligusi hifadhidata.”

Ujumbe kama huo hukuchukua dakika kumi. Mwenzako wa Berlin akiusoma saa ambayo Kondele nzima iko gizani, ataendelea na kazi, na wewe utaikuta imepiga hatua. Ongeza picha ya skrini au video fupi inayoonyesha programu ikifanya kazi, kwa kuwa kazi ya simu huonekana kwa macho, na msimamizi wa bidhaa asiyesoma msimbo ataielewa mara moja.

Ukikwama, usikae kimya siku nzima. Andika ulichotaka kufanya, kilichotokea, na njia ulizokwisha kujaribu, kisha ugeukie kazi nyingine wakati unasubiri jibu. Swali lililoandikwa vizuri hujibiwa mara moja. “Imekataa kufanya kazi, nisaidie” huzaa maswali matano ya kurudishiana, na kwa tofauti ya saa kumi, hizo ni siku tatu.

Hatua ya sita: Jaribu kwa simu za watu na mtandao wa watu

Naamini hapa aliye Kisumu ana faida kubwa kuliko aliye makao makuu, na ajabu ni kwamba wengi wetu hatuitumii. Ofisi ya kampuni changa imejaa simu mpya na intaneti isiyoyumba. Wateja wengi wa programu zetu wanatumia Tecno, Infinix na itel zenye hifadhi iliyojaa picha na betri iliyochoka. Nenda Kibuye siku ya soko, umwombe mfanyabiashara unayefahamiana naye: “Mama, naomba unionyeshe unavyolipa kwa hii programu, mimi sitagusa simu.” Kisha nyamaza utazame. Utaona kwamba ameongeza ukubwa wa maandishi ili asome bila miwani, na kitufe cha kulipa kimesukumwa nje ya skrini. Utaona rangi ya kijivu uliyoipenda inapotea kabisa kwenye jua la saa saba. Utaona anafunga programu kwa ghafla mteja mwingine anapofika, na akirudi anaanza upya kwa sababu hukuhifadhi alichokwisha kuandika.

Mtandao nao ujaribiwe njiani. Panda matatu ya Kisumu kwenda Busia, na kati ya Maseno, Luanda, Yala na Ugunja uifungue programu mara kwa mara, mawimbi yakipanda na kushuka. Programu nzuri huandika mambo kwenye simu kwanza, kwa mfano kwa maktaba ya Room, kisha huyapeleka kwenye seva mtandao unaporudi. Kwenye Android, WorkManager imetengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo ya kungoja mtandao.

Malipo ya M-Pesa yanahitaji uangalifu wa pekee. Seva yako inapotuma ombi la malipo kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, mteja huona kidirisha cha PIN kwenye simu yake, na jibu huja baadaye kwenye seva, si kwenye programu. Katikati ya hapo mtandao wa mteja unaweza kukatika na fedha zikawa zimeshatoka. Programu isiseme “malipo yameshindikana” kwa kuwa tu haijasikia kitu; iiulize seva, na seva iiulize Daraja kwa kutumia namba ya ombi hilo hilo. Namba za matokeo nazo zitenganishwe: 0 ni kwamba malipo yamefaulu, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja mwenyewe ameghairi, na 1037 ni kwamba simu yake haikufikiwa. Kumwambia aliyekosa mawimbi kwamba ameghairi malipo ni kumsingizia. Na kila agizo liwe na namba yake moja tangu mwanzo, ili mteja akibonyeza mara mbili kwa wasiwasi asitozwe mara mbili.

Yote uliyoyaona sokoni na barabarani yaandike na uyapeleke kwa timu. Hakuna mwingine kwenye kampuni mwenye habari hizo.

Hatua ya saba: Toa toleo jipya bila wewe kuwa kizuizi

Akaunti za kuchapisha programu ziwe za kampuni, hata kama kampuni ni watu watatu. Ya Google Play hulipiwa dola 25 mara moja. Ya Apple dola 99 kila mwaka. Ukizisajili kwa jina lako, siku ya kuagana mtakuwa na mgogoro ambao haukuwa na sababu. Funguo za kutia sahihi programu zihifadhiwe mahali ambapo angalau watu wawili wanafikia, wala zisikae kwenye laptopu yako pekee. Diski ya laptopu nayo ifungwe kwa usimbaji, na data za wateja zisinakiliwe humo, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaibana kampuni kuhusu taarifa hizo, na laptopu huibiwa.

Toleo jipya lianze kwa asilimia ndogo ya watumiaji kwenye Google Play, uangalie ripoti za programu kujifunga, kisha upandishe. Apple ina utaratibu wake wa kuwafikishia masasisho ya kiotomatiki watumiaji taratibu kwa siku 7. Mimi ninashikilia kwamba Ijumaa isiwe siku ya kutoa toleo: kasoro ikitokea Jumamosi umeme ukiwa umekatika, hakuna wa kulisimamisha. Bora zaidi ni kuweka swichi kwenye seva inayoweza kuzima kipengele kipya bila kuchapisha toleo lingine, na mwenzako mmoja aliye mahali pengine ajue ilipo.

Hatua ya nane: Pokea malipo na ulipe kodi

Kwa mshahara wa nje, akaunti ya benki ni salama kuliko simu. M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na salio la shilingi 500,000, na rekodi za benki zinakubalika kwa urahisi ukiomba mkopo au ukitakiwa kuthibitisha kipato. Linganisha kiwango cha kubadilisha dola cha benki yako na cha huduma ya kutuma fedha kama Wise kabla ya kuchagua, maana tofauti ndogo kwa kila dola huwa kubwa mwisho wa mwaka.

Aliyeajiriwa na kampuni ya Kenya hukatwa kodi ya mshahara (PAYE), mchango wa uzeeni wa NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, na kazi yake ni kuhakikisha makato hayo yanafika yanakotakiwa. Mkandarasi hujilipia mwenyewe. Mapato kutoka kampuni ya nje, kwa kazi uliyoifanya ukiwa Kisumu, hutozwa kodi Kenya. Ikiwa kodi yako ya mwaka inazidi shilingi 40,000, unatakiwa kuilipa kwa awamu nne, kila tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kisha uwasilishe taarifa ya mwaka kwenye iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata. Kila malipo yakiingia, hamisha karibu theluthi yake kwenye akaunti tofauti siku hiyo hiyo. Toa ankara kila mwezi yenye tarehe, kazi iliyofanywa na kiasi, uihifadhi pamoja na mkataba na taarifa za benki, na mwaka wa kwanza umlipe mhasibu aikague hesabu yako kabla hujaiwasilisha.